Wimbo Wako na Wimbo wa Jirani: Mazungumzo Kutoka Bweyeye

MUZIKI WA KUFUNGULIA: gitaa, sekunde 20. Ushuke polepole, ubaki chini ya sauti ya mtangazaji.

MTANGAZAJI: Karibu. Kama mnasikiliza kwa kikundi, sogeeni karibu, na wa nyuma wapewe nafasi. Kama hamna redio leo na mmoja wenu anawasomea karatasi hii, asome taratibu, asione haya kurudia.

Wengi wenu mmetuuliza swali moja: je, sisi wenyewe tunaweza kuanzisha kipindi chetu kambini, chenye muziki wa kila aina, kisicho mali ya mtu yeyote? Leo tumemwomba baba mmoja wa Bweyeye, wilaya ya Rusizi, nchini Rwanda, awajibu. Naye aliwahi kuwa mkimbizi. Jina lake ameomba tusilitaje. Karibu, baba.

MUZIKI UZIMWE.

MZUNGUMZAJI: Asante. Amani iwe kwako, msikilizaji.

Nazungumza nawe kutoka Bweyeye. Nyuma yetu ni msitu wa Nyungwe. Mbele yetu ni mpaka wa Burundi, na ng'ambo yake msitu unaendelea, ila huko unaitwa Kibira. Eneo hili lote wazee bado wanaliita Cyangugu. Hapa ni milima na mabonde, na mtu anayeishi bondeni anajua shida moja ambayo wa tambarare haijui: redio inaweza kuwa nzima, betri zikawa mpya, na bado usisikie kitu.

Sababu yake ni rahisi. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja, kama mwanga wa tochi. Mlima ukisimama katikati, nyuma yake ni giza. Ndiyo maana minara hujengwa vileleni. Nakuambia hili kwa sababu nimeishi sana kwenye giza hilo, na najua thamani ya sauti inapofika.

Mwaka 1994 nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu wengi wa upande wetu walivuka kwenda Zaire. Jamaa zangu walinishika mkono, nasi tukavuka. Tukaishi chini ya shitingi katika kambi moja jirani na Bukavu. Unayajua maisha hayo, sina haja ya kukusimulia. Asubuhi foleni ya maji, mchana foleni ya unga, jioni uvumi. Leo wanasema tutarudishwa kwa nguvu, kesho wanasema chakula kimekwisha, keshokutwa wanasema yule jirani ni jasusi. Kila aliyesema alisema kana kwamba ameona kwa macho yake.

Agosti ya mwaka huo, redio moja ilianza kurusha matangazo kutoka Bukavu. Iliitwa Agatashya, yaani mbayuwayu mdogo. Waandishi kutoka Uswisi ndio walioianzisha, na mwaka uliofuata wakaunda shirika la Hirondelle, ambalo jina lake kwa Kifaransa ni ndege huyo huyo. Ilitangaza mambo ya maji, afya na usalama, ikasoma ujumbe wa watu waliotafutana. Mwaka huo huo BBC nayo ilianzisha matangazo ya Gahuzamiryango, maana yake kinachounganisha familia. Na mwaka 1995, huko Ngara nchini Tanzania, shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi likaanzisha Redio Kwizera kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda na Burundi.

Kambini kwetu redio ilikuwa moja kwa hema nyingi. Mwenye redio aliiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, tukaizunguka. Jina likisomwa, tulinyamaza hata kama si la mtu wetu. Oktoba 1996 vita vilifika Bukavu, Agatashya ikanyamaza, nasi tukatawanyika. Lakini mimi nilikwisha kujifunza kwamba sauti moja ya kuaminika inaweza kumlaza mtu usingizi.

Msikilizaji, kuna upande wa pili wa jambo hili, nao usiusahau hata siku moja. Redio iliyochochea mauaji nchini kwetu, RTLM, ilianza mwaka 1993. Haikuanza kwa kupiga kelele za kuua. Ilipiga muziki mtamu, wa Zaire na wa kwingineko, na watangazaji wake walichekesha. Vijana wakaipenda. Sikio likishazoea kuja kwa ajili ya wimbo, maneno yaliyowekwa katikati ya nyimbo yakapita bila kubisha hodi. Miaka kumi baadaye, mwaka 2003, mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani watu walioiasisi. Waliokufa hawakurudi.

Kwa hiyo nikuambie mapema lile ninalotaka ubaki nalo leo. Muziki ni mlango. Ukimfungulia mtu kwa wimbo, unawajibika kwa kila neno litakaloingia nyuma ya wimbo huo. Ukilielewa hili, mengine yote ya kuanzisha kipindi utajifunza.

MUZIKI: ngoma, sekunde 10.

Sasa nikusimulie yangu, na makosa yangu.

Mwaka 2015 niliwaona majirani zetu Warundi wakivuka mpaka, wengine na godoro kichwani, wengine mikono mitupu. Wengi walisonga mbele hadi kambi ya Mahama, wilaya ya Kirehe, iliyofunguliwa Aprili mwaka huo. Niliwatazama nikajiona mimi wa mwaka 1994. Nikajiuliza: nina nini cha kuwapa? Nilikuwa na simu, spika moja ya kuazima, na nyimbo nyingi kwenye kadi ya memori.

Nikaomba ruhusa kwa viongozi wa kijiji, nikaanza kila Jumamosi mbele ya kibanda cha chai. Hapakuwa na mnara wala mtambo. Nusu saa ya muziki, matangazo ya hapa na pale, na salamu. Wapita njia walisimama: wenyeji, Warundi, wafanyabiashara waliotoka upande wa Kongo, madereva wa Bugarama wanaozungumza Kiswahili kama tunavyozungumza sasa.

Kosa langu la kwanza: nilipiga nyimbo ninazozipenda mimi. Jumamosi ya nne akaja mama mmoja wa Kirundi, mtu mzima, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniita kando. Akasema, "Mwanangu, kipindi hiki ni cha watu au ni cha kwako?" Nikamjibu, "Ni cha watu, mama." Akasema, "Basi sisi si watu? Nimesimama hapa Jumamosi tatu nikingoja wimbo mmoja wa kwetu." Hakusema kwa hasira. Aliniaga akaenda. Nilitamani afadhali angenitukana.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Ili kurekebisha lile la kwanza, nilianza kupokea nyimbo kutoka kwa kila mtu. Kijana mmoja akaniletea wimbo wenye gitaa zuri sana, kwa lugha nisiyoijua. Nikaupiga. Mzee mmoja aliyekuwa anakunywa chai akaweka kikombe chini, akainuka, akaondoka bila kulipa. Nikamfuata. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Akaniambia, "Wimbo huo waliuimba waliokuja kuchoma kijiji chetu." Kijana aliyeuleta alikuwa haujui historia yake. Na mimi sikuuliza. Mzee yule nilimwomba radhi, akanisamehe kwa mdomo, lakini pale kibandani hakukaa tena.

Tangu siku hiyo nina sheria: sipigi wimbo ambao sijui maneno yake. Nikiwa siijui lugha, natafuta watu wawili wanaoijua, wasiotoka nyumba moja, wanieleze kila ubeti. Wakitofautiana, wimbo unangoja.

Huenda unajiuliza, kwa nini basi tusiache muziki wa wengine, kila mtu abaki na wa kwake? Kwa sababu kambi yenyewe ni mchanganyiko, na kwa sababu muziki wetu wenyewe ni mkimbizi wa siku nyingi. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, akaja kuwa sauti ya wanyonge wa Dar es Salaam. Samba Mapangala alizaliwa Matadi, akapita Uganda, akaanzisha Orchestra Virunga Nairobi. Khadja Nin wa Burundi aliwaimbia watu wa Ulaya kwa Kiswahili. Rumba ya Kongo imeingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021, na ngoma za Burundi ziliingizwa mwaka 2014. Ukimsikia mtu anasema wimbo fulani ni wa "wale", muulize: wale gani? Umevuka mipaka mingapi kabla ya kufika hapa?

Mtu anayesikia wimbo wa kwao mbele ya watu wengine anajua kwamba ameonekana. Na anayesikia wimbo wa jirani, akaona jirani anafuta machozi au anacheza, hawezi tena kusema hamjui. Hiyo ndiyo kazi ya mchanganyiko.

MUZIKI: gitaa, sekunde 10.

Sasa tufanye kazi. Chukua kalamu kama unayo.

Kwanza, ruhusa. Usinunue wala usitengeneze mtambo wa kurushia FM bila leseni. Nchini Rwanda masafa yanasimamiwa na RURA, nchini Tanzania na TCRA, na kila nchi ina mamlaka yake. Kurusha bila leseni ni kuvunja sheria, na mkimbizi akikamatwa hana wa kumtetea haraka. Hata spika ya kambini iombee ruhusa kwa uongozi wa kambi na kwa kamati yenu ya wakimbizi. Njia halali ni nyingi: spika mahali pa wazi, kurekodi kwa simu na kupeana kwa kadi ya memori au Bluetooth, au kuomba nusu saa kwenye redio ya jamii iliyo karibu nanyi.

Pili, watu. Usianze peke yako. Tafuta wenzako wanne au watano: wanawake wawe nusu, vijana na wazee wawepo, na kila lugha kubwa ya kambi iwe na mtu wake. Mtu mmoja akishika kila kitu, kipindi kinakuwa cha kwake, kama changu kilivyokuwa.

Tatu, vifaa. Simu moja inayorekodi inatosha. Ukirekodi, ingia ndani, zungukwa na blanketi au nguo, upepo na mwangwi vitapungua. Shika simu kiganja kimoja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi isigonge maiki. Rekodi sekunde kumi kwanza, sikiliza, ndipo uendelee.

Nne, mpango wa nusu saa. Huu ndio wangu: salamu dakika 2, nyimbo tano dakika 18, taarifa dakika 4, mgeni dakika 5, kuaga dakika 1. Zile nyimbo tano zisitoke sehemu moja. Wimbo wa zamani uwepo, wa vijana uwepo, wa ngoma au zeze uwepo, wa jirani uwepo. Wa tano uwe wa mtu wa kambini kwenu, aliyeimba mwenyewe mkamrekodi. Kila kambi ina waimbaji. Andika daftari: tarehe, wimbo, lugha, aliyeuomba. Mwisho wa mwezi lifungue. Daftari litakuambia ukweli ambao moyo wako unauficha: nani umempigia mara tisa, na nani hujampigia hata mara moja.

Kumbuka pia wimbo una mwenyewe. Mkirusha kwenye redio, kituo chenyewe ndicho kinachoshughulika na haki za wasanii. Mkirekodi msanii wenu, mwombeni idhini, na jina lake mlitaje kama anaridhia.

Tano, taarifa. Usisome jambo kwa sababu limesemwa na wengi. Nenda kwa anayehusika: mgao, muulize anayegawa, dawa, muulize nesi. Kama hujathibitisha, usilisome hata kama watu wanakusukuma. Ni heri useme, "Hili tunalifuatilia, Jumamosi ijayo tutawaambia," kuliko kukimbiza watu usiku kwa uongo. Na akitokea mtu anauza nafasi za kwenda kuishi Ulaya au Marekani, waambie wasikilizaji wazi: huduma ya wakimbizi hailipiwi. Anayedai pesa ni mwizi.

Sita, usalama. Usitaje jina la mtu, kijiji alichotoka, wala njia aliyopita, bila ridhaa yake, na hata akiridhia fikiria mara mbili. Anayemtafuta ndugu, mpeleke kwa Msalaba Mwekundu. Kazi ya kutafuta familia ndiyo kazi yao. Mtoto asitajwe. Aliyebakwa asihojiwe kwa spika, aonyeshwe mahali pa msaada. Penye msiba, zima muziki. Karibu na wagonjwa, shusha sauti.

Sasa nimebakiza neno moja, lile la kuwa huru, nalo ndilo gumu.

Mwaka mmoja betri yangu ilikufa. Wiki tatu tulikaa kimya. Jioni moja akanijia mtu na betri mpya na paneli ya sola. Akaniambia, "Chukua, ni zako. Ila kila Jumamosi utasoma karatasi yangu kabla ya wimbo wa mwisho." Nikaisoma karatasi. Haikuwa na tusi hata moja. Ilisema tu kwamba watu wa kundi fulani wameongezeka sana, na wenyeji wafungue macho.

Sitakudanganya kwamba nilikataa palepale. Nilikaa na vile vitu usiku mmoja. Nilifunga spika, nikapiga nyimbo mbili kwa sauti ndogo, na muziki haukuwahi kusikika safi vile. Nikajiambia, sentensi mbili tu, kabla ya wimbo wa mwisho, nani atajali? Kisha nikaikumbuka ile ndoo iliyopinduliwa, na watoto tulioizunguka, na jinsi tulivyoamini kila kilichotoka ndani yake. Asubuhi nilimrudishia mzigo wake. Alikasirika. Kipindi changu kikawa cha mara moja kila wiki mbili, kwa betri ya kukodi, kwa miezi mingi. Wasikilizaji wengine walichoka wakaacha kuja. Hiyo ndiyo bei yake, na sikufichi.

Kuwa huru si kukosa msaada. Pokea msaada, lakini useme hadharani nani ametoa, na asiyetaka kutajwa usichukue chake. Anayetoa asichague nyimbo wala maneno. Kama ni chama, kama ni mfanyabiashara, kama ni mtu wa dini yako mwenyewe, sheria ni hiyo hiyo. Na ninyi wenyewe pesa za kipindi zikiwepo, hata sarafu chache, ziandikwe kwenye daftari ambalo yeyote anaweza kulifungua.

Yule mama wa Kirundi alirudi, miezi kadhaa baadaye, akiwa safarini kwenda kumwona binti yake. Nilimwona kwa mbali nikauweka wimbo wa kwao. Hakusema kitu. Aliweka mzigo chini, akausikiliza wote, akaubeba tena. Alipopita mbele yangu akasema, "Sasa ni cha watu." Wale waliokuwa wanakunywa chai, ambao hawakuwa Warundi, waliomba urudiwe.

Msikilizaji, usingoje mnara. Wiki hii kaa na wenzako wanne, fungueni daftari, ukurasa wa kwanza kila mmoja aandike wimbo mmoja wa kwao na wimbo mmoja wa jirani. Asiyejua wimbo wa jirani ainuke akamwulize. Kipindi chenu kitakuwa kimeshaanza.

Asante kwa kunisikiliza. Mungu awalinde hapo mlipo.

MUZIKI: ngoma na gitaa pamoja, sekunde 15, ushuke.

MTANGAZAJI: Asante sana, baba. Nanyi mlio kwenye vikundi, kabla hamjatawanyika, jadilianeni maswali haya matatu.

Moja: kambini kwetu, ni nani ambaye wimbo wake haujawahi kupigwa mbele za watu?

Mbili: je, kuna wimbo unaopigwa hapa ambao maneno yake yanamuumiza jirani? Tumeshawahi kumwuliza?

Tatu: mtu akitupa betri leo kwa sharti la kusoma karatasi yake, tutamjibu nini, na nani kati yetu atamjibu?

Majibu yenu andikeni, mpeni mratibu wa kikundi, nasi tutayasoma bila kutaja majina. Kwa leo ni hayo. Kwaheri, na tuonane kipindi kijacho.

MUZIKI WA KUFUNGIA: mpaka mwisho.